Ubeti Nilioukata Mwenyewe

Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma wala kuandika, na maisha yake yote alitunga shairi moja tu. Alilitunga kwa Kibena, hapo hapo Kichiwa alikozaliwa, akaolewa na akazikwa, kuanzia mwaka ambao wakala wa mashamba ya mkonge alipita akiandikisha wanaume wa kwenda Tanga. Kila aliyekubali aliandikwa jina kwenye kadi, akapewa bulangeti na kaptula, akapanda lori. Babu alikubali. Bibi alibaki na jembe, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Mtoto huyo ndiye mama yangu.

Mkataba ulipokwisha, wenzake babu walirudi. Yeye hakurudi. Wengine walisema amekufa kwa homa, wengine walisema ameoa huko huko na ana watoto. Bibi alikwenda Njombe kwa miguu mara mbili kuuliza ofisini. Mara zote mbili aliambiwa asubiri nje, na mara zote mbili ofisi ilifungwa akiwa bado nje.

Hakuwa mtu wa kulia. Alikuwa mtu wa kukasirika, na hasira yake aliitia kwenye maneno akawa anayaimba akilima. Wanawake wengine walioachwa walimsikia wakayachukua. Mama aliyajua kabla hajajua maana yake, kwa sababu aliyasikia kupitia mgongo wa mama yake. Nami niliyasikia kwa mama, katika palizi, kila mwaka, mpaka nikadhani ni wimbo wa kupalilia tu, wa kusaidia mikono iende pamoja.

Nilipofika darasa la saba nilikuwa nimeshafundishwa kwamba shairi lina vina na mizani. Siku moja shambani nikamwambia mama kwamba ule wimbo wake si shairi, kwanza hauna vina, pili ni wa kilugha. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Shuleni kwetu aliyesikika akisema Kibena alivishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake, nami nilikivaa mara nyingi, kwa hiyo nilikuwa naleta nyumbani kile nilichofanyiwa. Mama alinitazama, akaendelea kupalilia. Hakunijibu siku ile wala siku nyingine. Kila ninapokumbuka natamani mtu angenipiga kofi.

Nilisomea ualimu nikapangiwa Makambako. Kaka yangu mkubwa alikuwa amenitangulia huko. Alifanya kazi kwenye ghala la ushirika, upande wa mizani, akipima mahindi ya wakulima waliokuja kuuza. Tulikuwa tukitaniana kwamba nyumba yetu imetoa watu wawili wa mizani, yeye ya mahindi na mimi ya mashairi. Alikuwa mpimaji mwaminifu. Wakulima wa kutoka vijiji vya mbali walisubiri zamu yake hata kama foleni ya mwenzake ilikuwa fupi.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila kitu kilipewa jina jipya. Mbolea iliyokuwa ikiletwa na serikali ikaambiwa inunuliwe kwa bei ya soko. Malori ya watu binafsi yakaanza kuingia mpaka vijijini na kununua mahindi kwa debe, debe lenyewe likiwa limegongwa kitako likatokeza kama tumbo. Tuliambiwa haya ndiyo mageuzi, tufunge mikanda. Asubuhi moja wafanyakazi wa ghala walikuta karatasi imebandikwa mlangoni yenye majina ya waliopunguzwa. Walikuwa wote. Kaka aliniambia kwamba alisoma orodha ile mara tatu kutafuta jina ambalo halimo.

Alirudi Kichiwa akalima kwa miezi mitatu. Halafu akamwambia mama anakwenda Mererani, machimboni, kwa nusu mwaka tu. Alikuwa na begi la mtumba na viatu vizuri. Mama alimsihi asubiri mavuno. Alicheka akasema atarudi mavuno yakiwa bado ghalani. Ilikuja barua moja, ya mistari sita. Baada ya hapo, kimya.

Mwaka wa pili wa kimya hicho nilikwenda nyumbani Jumamosi moja. Kulikuwa na ukungu mzito na sikumwona mama, nilimsikia. Alikuwa katikati ya shamba la viazi akiimba maneno ya bibi. Alikuwa amebadilisha neno moja tu, pale palipokuwa na mkonge aliweka machimbo. Yaliyobaki yote yalikaa kama yalivyokuwa, kana kwamba bibi aliyatunga akijua. Nilisimama kwenye tuta nikayasikiliza kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Watu husema ni jambo jema maneno ya wazee yakiwafaa wajukuu. Mimi siku ile sikuona wema wowote. Niliona aibu ya nchi nzima. Shairi lile lilipaswa kuwa limezeeka. Lilipaswa kuwa kitu ambacho mama ananieleza na mimi nashangaa, kwamba kumbe zamani mtu aliweza kuchukuliwa hivyo na asiwepo wa kuulizwa. Badala yake lilikuwa jipya kama karatasi ile ya mlangoni. Bibi alikuwa ameimba chini ya Mwingereza, mama anaimba chini yetu wenyewe, na hapakuhitajika kurekebishwa kitu isipokuwa jina la mahali pa kupotelea. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Niliporudi Makambako nikaanza kuliandika kwa Kiswahili. Niliona kwamba likibaki kwa Kibena litaishia mashambani kwetu, na waliopaswa kulisikia hawalimi mashamba yetu. Kila jioni baada ya kusahihisha madaftari nilikaa na maneno ya bibi nikayatafutia vina. Lilichukua karibu mwezi. Ubeti wa kwanza ulitoka hivi:

Mmempa bulangeti, baridi mwaniachia,
Mmemwandikia cheti, mimi mkanipitia,
Nikiuliza wakati, pembeni mwaangalia,
Mzima ama maiti, nani wa kuniambia?

Zilikuwa beti tano. Wa kwanza kulisikia alikuwa mama mwenye nyumba wangu. Alikuwa mjane wa Kiislamu, mtu wa Tanga, aliyeletwa Makambako na marehemu mume wake aliyekuwa na malori mawili. Mume alikufa, malori yakauzwa, yeye akabaki na nyumba ya vyumba sita na meza ya wali na maharage pale sokoni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri hata nikaona aibu kufundisha somo hilo huku ninaishi nyumbani kwake. Jioni moja alinikuta uani nikihesabu mizani kwa vidole, akauliza nafanya nini, akaniambia nisome kwa sauti.

Nilisoma beti zote tano. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na katika ubeti wa pili mikono yake ikaacha kuchambua. Nilipomaliza aliuweka ungo kando. Kisha akaniambia kwamba baba yake alikuwa mtu wa bara, mtu wa nyanda hizi za baridi, aliyekwenda Tanga kukata mkonge na hakurudi kwao. Alimwoa mama yake huko, wakazaa watoto saba. Alikuwa baba mwema. Watoto walijua kwamba kuna mke aliyeachwa huku juu, kwa sababu alipougua alilitaja jina lake.

"Hatukumuuliza," alisema. "Watu saba tumekula jasho la mtu yule, hakuna aliyemuuliza yule mwanamke analala vipi. Leo ndiyo nasikia analala vipi."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda si ukoo wetu, kwamba wanaume waliochukuliwa walikuwa wengi. Alinikatiza akasema anajua, hata jina la kijiji halifanani, na kwamba haijalishi. Aliniomba nisome tena ubeti wa kwanza. Nikasoma. Akaendelea na mchele wake, lakini niliona anarudia tena pale alipokwisha kuchambua.

Wiki chache baadaye alikuja shuleni bwana mmoja aliyekuwa mratibu wa sherehe. Ghala la ushirika lilikuwa limepata mwenye mali mpya, tajiri mmoja kutoka mbali, na siku ya makabidhiano walitarajiwa wageni wakubwa. Kamati ilitaka watoto waimbe. Mwalimu mkuu akasema shule ina mshairi wake, akaninyooshea kidole. Sijui kwa nini niliufungua mkoba. Nadhani nilitaka kusifiwa. Yule bwana alisoma beti tano akiwa amesimama, akatikisa kichwa, akasema haya ni mashairi ya kitaifa. Aliuliza kama nina mpango wa kwenda chuo kujiendeleza. Nilisema nimeomba mara mbili. Akasema anafahamiana na watu wanaopitia maombi hayo.

Mama mwenye nyumba aliponisikia nikimweleza aliniambia neno moja. "Usimpe."

Nilimweleza kwamba nia yangu ni njema, kwamba wakubwa watakaa pale kwenye viti wasiweze kuondoka, na watalazimika kumsikia bibi yangu mbele ya ghala lile lile lililomfukuza mjukuu wake. Niliamini hivyo, sisemi uongo. Lakini niliamini kwa urahisi kwa sababu ya kile chuo. Nikampa. Nikawafundisha watoto beti zote tano, wakazishika kwa siku nne. Wiki ya mwisho mratibu alisema atawachukua yeye mwenyewe, kuna mambo madogo ya kurekebisha, hasa upande wa kusimama na kuinama mbele ya wageni.

Nilimwalika mama. Alikuja na lori la asubuhi kutoka upande wa Kichiwa, amevaa kitenge kipya na sweta la kijani, na nywele amesukwa. Nilikuwa nimemwambia kwamba maneno ya mama yake yataimbwa mbele ya watu wakubwa, kwa Kiswahili, ili yaeleweke. Alikuwa amewaambia majirani. Nilimtafutia nafasi kwenye benchi la pembeni tukakaa pamoja. Milango ya ghala ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, ila ndani hakukuwa na hata gunia moja.

Watoto walisimama mistari mitatu. Wakaimba:

Mmetupa bulangeti, baridi imekimbia,
Mmetupa nacho cheti, kazi tunasubiria.

Waliinama mbele ya tajiri, wageni wakapiga makofi. Halafu wakaimba kipande kingine kilichokuwa changu, nacho kimegeuzwa hivyo hivyo kuwa shukrani. Beti tatu hazikuwepo kabisa. Ubeti wa bibi kusubiri nje ya ofisi haukuwepo. Ubeti wa wenzake kurudi bila yeye haukuwepo. Ule wa kaburi lisilojulikana lilipo haukuwepo.

Mama hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alikuwa nacho cha kutosha. Aliinamisha kichwa kwangu akauliza kwa Kibena, kwa sauti ya chini kabisa, "Huyo anayeshukuru ni nani?"

Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya mwisho. Kisha akasimama. Hakwenda kwa kuzunguka nyuma kama watu wanavyofanya penye sherehe. Alikata katikati, kati ya watoto na wageni, akiwa ameshika sweta lake mkononi, akaenda zake barabarani kutafuta lori la kurudi. Kijana mmoja wa kamati alijaribu kumwelekeza apite pembeni, akampita kama nguzo.

Mratibu nilimpata nyuma ya ghala akinywa soda. Nilimuuliza nani alimruhusu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba sherehe haitaki kilio, kwamba mambo ya mkonge ni ya zamani na yalikuwa ya wakoloni, na kwamba shairi likishatoka mdomoni mwa mtu huwa ni la wote.

"Kama ni la wote," nilisema, "kwa nini ninyi peke yenu ndio mmelikata?"

"Mwalimu, usijiharibie. Nimekuwekea jina lako kwenye ratiba. Tazama."

Akanipa ratiba iliyochapwa. Chini ya wimbo wa shukrani kulikuwa na jina langu, majina yote matatu, mtunzi. La bibi halikuwepo popote, na mimi ndiye niliyekuwa sijaliandika kwenye ile karatasi niliyompa. Nilisahau. Mwezi mzima nikitafuta vina, sikupata dakika moja ya kuandika kwamba hili ni la fulani binti fulani wa Kichiwa. Niliichana ratiba ile mbele yake. Alikunywa soda yake akaimaliza.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama mwenye nyumba anapuliza jiko la mkaa. Hakuuliza kitu, nikamsimulia mwenyewe, nikamwimbia hata walivyoimba. Nilitegemea aseme nilikwambia. Badala yake aliurudia mstari ule wa kwanza polepole, akasimama kwenye neno moja.

"Mmetupa," alisema. "Mmetupa. Hawa watu wanajua Kiswahili kweli? Mmetupa nini, kama mnavyotupa maganda?"

Nikamtazama. Sikuwa nimelisikia hilo, mimi mwalimu wa somo. Katika kubadilisha silabi moja ili kilio kiwe shukrani, mratibu alikuwa amewapa watoto neno linalosema mambo mawili, na wageni wakapigia makofi lile walilolitaka. Yule mama alianza kucheka, lakini kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayesaga kitu kwa meno.

Kesho yake akalipeleka sokoni. Sikumtuma. Aliwaimbia wenzake wa kwenye meza za chakula, akiegemea neno lile mpaka maana ya pili ikabaki peke yake. Wale walikuwa wanawake ambao waume zao walikuwa wapagazi wa ghala, au wana wao wamekwenda machimboni na Dar es Salaam kuuza soksi mkononi. Hawakuhitaji kuelezwa. Baada ya wiki mbili nilipita sokoni nikawasikia wanaotwanga, wanaochambua na wanaoosha vyombo, wote wanaimba mstari ambao sikuuandika mimi wala mratibu: Mmetupa na watoto, sasa mwataka tuimbe. Hauna vina na ule unaoutangulia. Hakuna aliyejali.

Mwalimu mkuu aliniita akaniuliza kama nimechochea watu wa sokoni. Nilisema walichokiimba kilipigiwa makofi na wageni. Hakupenda jibu lile. Chuo sikupata, na mwanzoni mwa mwaka ikaja barua ya uhamisho kwenda shule moja upande wa Matamba. Haikutaja sababu. Nilifunga vitu vyangu nikiwa na hasira, na hasira ile ilinisaidia kubeba.

Lakini la mama halikubebeka hivyo. Tangu siku ya sherehe alikuwa hasemi nami. Nikienda nyumbani ananipikia, ananitandikia, anajibu salamu, basi. Nilivumilia miezi, mpaka likizo moja nikamfuata jikoni nikamwambia nataka anifundishe maneno ya bibi, yote, kwa Kibena, kama yalivyo. Nilichukua daftari. Alisema weka daftari chini. Nikaliweka.

Alianza kuimba na mimi nikirudia. Alinisahihisha kama nilivyozoea kusahihisha watoto, tena bila huruma, kwa sababu Kibena changu kilikuwa kimeshapata kutu. Tulipita ubeti wa bulangeti, wa kusubiri nje, wa wenzake kurudi, mpaka wa tano. Nikanyamaza nikidhani tumemaliza. Mama akaniambia endelea.

Nilijua anachotaka. Kulikuwa na ubeti wa sita. Nilikuwa nikiusikia tangu utotoni, na nilipokuwa nikiandika Makambako niliuacha. Nilijiambia kwamba hauingii kwenye mizani. Ukweli ni kwamba niliuona unamwaibisha babu, na nilitaka shairi langu liwe na adui mmoja, wa mbali, mwenye kadi na lori. Katika ubeti huo bibi anamwachia wakala, anamgeukia mume wake:

Na wewe uliyenyoosha mikono, hawakukufunga kamba.
Ulipokea bulangeti ukalikunja, ukacheka.
Mtoto alikulilia kutoka mgongoni mwangu, ukasema atazoea.
Haya, amezoea. Njoo umwone alivyozoea.

Mtoto anayetajwa hapo ni mama mwenyewe. Alikuwa ananifundisha maneno yanayomhusu, na mimi ndiye niliyeyafuta bila kumuuliza. Nilimwomba msamaha. Alisema yule bwana wa Makambako alikata beti tatu za mtu asiyemjua, mimi nilikata ubeti wa mama yangu ninayemjua. Sikujitetea, na mpaka leo sijitetei. Nimemchukia mratibu yule kwa miaka mingi, na bado namchukia, lakini nikihesabu mikasi iliyopita juu ya maneno ya bibi yangu, wa kwanza ulikuwa mkononi mwangu.

Kaka alirudi mwaka wa sita. Ilikuwa asubuhi, mvua nyembamba inanyesha, nami nilikuwa likizo. Alitokea kwenye njia ya chini akiwa na mwanamke na mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu. Alikuwa amekonda na ameota ndevu, na jicho moja halikuwa zima. Nilitupa ufagio nikakimbia, nikamkumbatia huku nalia. Mama alitoka mlangoni. Alimtazama yeye, akamtazama mke, akamtazama mtoto. Alimwambia mke aingie ndani na mtoto, wasilowe. Walipopita akarudi kusimama kizingitini.

"Wewe simama hapo hapo," alimwambia kaka.

Akaimba. Aliimba lote, kuanzia bulangeti. Hakuimba kwa sauti ya kupalilia, aliimba polepole na kila neno akalituma kwake. Majirani walioona mgeni wakaja, wakasimama kwenye uzio wa mianzi, na wanawake wawili wa rika la mama wakaanza kuitikia. Kaka alikuwa amesimama uwanjani, maji yanamchuruzika. Mwanzoni alitabasamu kama mtu anayedhani anakaribishwa. Katika ubeti wa pili tabasamu likamtoka. Mama alipofika wa sita aliubadilisha. Hakusema mtoto alikulilia, alisema mama alikusihi usubiri mavuno, ukasema atazoea. Haya, amezoea.

Bibi hakuwahi kupata nafasi hiyo. Aliimbia matuta na migongo ya wanawake wenzake, na mtu aliyekuwa anaambiwa alikuwa mbali, hai au maiti. Maneno yalilazimika kusubiri vizazi viwili kupata mwanamume wa kusimama mbele yake.

Kaka alisema, "Mama, nimesikia." Akaanza kueleza, kwamba aliona aibu kurudi mikono mitupu, kwamba kila mwaka alijiambia bado kidogo, kwamba kifusi kilimpiga jicho na miezi mingi hakuweza kuandika. Yote yalikuwa kweli. Nilimwamini na nilimhurumia. Nilikumbuka pia ile orodha mlangoni, na nilijua kwamba hakuondoka kwa ukorofi, alisukumwa. Lakini sikumwambia mama amwonee huruma. Nilishajifunza kutokata.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasogea kando ili apite. Kaka alikula viazi viwili akalala pale pale kwenye mkeka karibu na moto, mwanaye amemlalia kifuani. Mke wake, mwanamke mpole ambaye alikuwa hajui neno la Kibena, aliniuliza kwa kunong'ona mama alikuwa anaimba nini. Nilimweleza wimbo wote, ubeti kwa ubeti, hata wa sita. Akamtazama mume wake aliyelala.

Mchana mvua ilipokatika nilimfuata mama nje. Alikuwa anaondoa majani kwenye mfereji wa maji unaopita nyuma ya nyumba. Nilimuuliza kama sasa moyo umepoa.

"Haujapoa," alisema. "Nimemwambia tu."

Kisha akaniambia nikamate koleo, upande wa chini maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye viazi.